John Boultbee Brooks, fundi wa ngozi mwenye farasi wake alikufa

Katika mwaka wa 1878, farasi wa John Boultbee Brooks alikufa, na Brooks hakukuwa na feza ya kununua mwingine. Aliazima kinga ili aendelee kufika kazini. Kinga ilimufikisha, lakini kiti chake kilimutesa sana. Brooks alikuwa fundi wa ngozi, mwenye kutengeneza vyombo vya farasi katika muji wa Birmingham, Uingereza. Hakuishia kulalamika. Alichukua ufundi wenye alikuwa nao mukononi na kuutia kwenye chombo kipya. Leo, zaidi ya miaka 100 kisha kifo chake, jina lake lingali linaandikwa kwenye viti vya ngozi vya kinga katika inchi nyingi za dunia.

Habari yake ni habari ya kazi moja yenye ilikuwa inaelekea kufa pole pole, na ya mutu mwenye aliihamisha mbele haijakufa.

Kijana wa Hinckley

Brooks alizaliwa mwaka wa 1846 huko Hinckley, muji mudogo wa jimbo la Leicestershire, katikati ya Uingereza. Hinckley ilijulikana kwa kazi ya kufuma soksi. Wakati huo watu wengi wa Uingereza walikuwa wanaacha vijiji na miji midogo, wanaenda kutafuta maisha kwenye miji ya viwanda, sawa vile vijana wa leo wanaacha vijiji na kuenda Lubumbashi, Goma ao Kisangani.

Brooks naye alifunga muzigo. Mwaka wa 1865, akiwa na miaka karibu 19, alienda Birmingham na paundi 20 mufukoni. Ilikuwa feza yenye fundi wa kawaida angeweza kupata kwa miezi michache ya kazi. Haikuwa umasikini kabisa, lakini haikuwa feza ya mutu mwenye anaweza kukosea mara mbili.

Birmingham ilikuwa mahali pazuri pa kujaribu bahati. Ulikuwa muji wa mafundi. Kwenye barabara moja mulikuwa watu wenye kufanya vifungo vya nguo, kwenye ingine watu wa bunduki, kwenye ingine watu wa kalamu za chuma, vitanda vya chuma na mapambo. Mwenye kutaka kipande fulani cha chuma hakukuwa na lazima ya kukiagiza mbali; alivuka tu barabara. Na pembeni, kaskazini kidogo, kulikuwa muji wa Walsall, wenye ulijulikana kwa mafundi wa ngozi na matandiko ya farasi. Kwa hiyo katika ile eneo moja, ngozi na chuma vilikuwa majirani. Kwa kazi yenye Brooks alikuja kufanya baadaye, ujirani huo ulikuwa na maana kubwa.

Mwaka wa 1866, mwaka moja tu kisha kufika, alifungua biashara yake kwenye barabara inayoitwa Great Charles Street. Aliipa jina J. B. Brooks & Co. Alikuwa anauza hatamu, mikanda, vyombo vya kufungia farasi kwenye magari, na vitu vingine vya ngozi.

Ilikuwa biashara ya akili. Wakati ule farasi njo alikuwa anabeba kila kitu: makaa, mikate, bia, barua na watu. Hata mashua za kwenye mifereji ya Birmingham zilikuwa zinavutwa na farasi wenye kutembea pembeni ya maji. Farasi wengi walimaanisha ngozi nyingi.

Ngozi mubaya inaleta kidonda

Fundi wa vyombo vya farasi anajua mambo yenye mutu wa kawaida hafikirie. Anajua kama ngozi ya mugongo wa ng'ombe ni ngumu na inakamata umbo, na kama ngozi ya tumbo inalegea haraka. Anajua kama ngozi ikikosa mafuta inakauka na kupasuka, na ikipata mafuta mengi inakuwa laini kama kitambaa cha maji. Anajua kama maji yanaifanya ikubali umbo lolote, na kama kisha kukauka inashikilia lile umbo.

Tena, anajua jambo moja lenye kupita yote: mukanda wenye hauenei muzuri kwenye mwili wa munyama unamutoboa. Farasi mwenye kidonda kwenye bega hawezi kuvuta gari. Mwenye farasi anapoteza siku ya kazi, na fundi anapoteza mushitiri. Njo maana fundi muzuri alikuwa anatazama kwanza mwili, kisha njo anakata ngozi.

Kwa miaka 12, Brooks alifanya hiyo kazi kwa ajili ya migongo na mabega ya farasi. Mwaka wa 1878, zamu ya fundi mwenyewe ilifika.

Kinga ya siku zile

Kinga yenye watu walikuwa nayo wakati huo haifanane na ya leo. Ile ya kwanza kwanza, ya miaka ya 1860, ilikuwa na magurudumu ya mbao yenye kuvalishwa chuma, na Waingereza waliipa jina la kuchekesha lenye kumaanisha kitikisa mifupa. Kisha kukatokea kinga ndefu: gurudumu kubwa sana mbele, kadogo nyuma, na mwenye kuendesha anaikala juu kabisa. Magurudumu yake yalikuwa yamezungushiwa mupira, lakini mupira mutupu bila hewa ndani. Barabara zilikuwa za mawe. Kila jiwe lenye gurudumu lilikanyaga lilipanda moja kwa moja mupaka kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti mupaka kwenye uti wa mugongo.

Brooks hakuwa mutu wa kwanza kufikiri ngozi na kinga pamoja. Wengine walikuwa wamekwisha kutia ngozi kwenye viti. Shida ilikuwa namna ya kuifanya ichukue uzito wa mutu siku nyingi, bila kumuumiza na bila kulegea haraka. Mutu akiikala, uzito wake hauenee kwenye matako yote. Unaanguka sana sana kwenye mifupa 2 ya chini. Kiti cha mbao ao cha chuma hakiachie nafasi ile mifupa, kinaisukuma tu. Na godoro laini linashuka mara moja, kisha mifupa inafika kwenye kitu kigumu kilekile.

Alitumia miaka 4 kwa ile shida. Tarehe 28 mwezi wa 10, mwaka wa 1882, aliandikisha breve yake ya kwanza ya kiti cha kinga, ni kusema ile karatasi ya serikali yenye inalinda uvumbuzi wa mutu ili mwingine asiuibe. Kijana mwenye alifika na paundi 20 alikuwa sasa na miaka 36, na alikuwa na bidhaa mupya ya kuuza.

Kitanda cha kamba juu ya magurudumu

Kiti chenye kilifanya jina la Brooks lijulikane kina siri rahisi, na kila mutu mwenye amelala kwenye kitanda cha kamba anaweza kuielewa. Chini ya ngozi hakuna kitu. Hakuna mbao, hakuna godoro. Ngozi imevutwa kati ya vyuma 2, kimoja mbele na kimoja nyuma, na mutu anaikala juu ya ngozi yenye inaning'inia.

Ili kuifanya, fundi anachagua ngozi nzito ya ng'ombe, yenye unene wa karibu milimetre 5, yenye imelainishwa kwa dawa ya maganda ya miti na si kwa kemikali za haraka. Anailoweka mu maji, anaikaza juu ya kalibu ili ikamate umbo la kiti, na kuiacha ikauke. Kisha anakata kingo zake, na kuipigilia kwa misumari ya chuma ao ya shaba nyekundu, mbele na nyuma. Chini ya pua ya kiti kunakuwa bulon moja yenye inaweza kusukuma kile chuma cha mbele. Ngozi ikianza kulegea kisha miaka, mutu anazungusha ile bulon kidogo na ngozi inakazika tena.

Matokeo ni kiti chenye kinabadilika kufwatana na mutu. Siku za kwanza kiko kigumu kama ubao. Lakini ile mifupa 2, siku kwa siku, inachimba mashimo madogo kwenye ngozi, na kisha majuma fulani kiti kinakuwa cha yule mutu moja. Akimuazima jirani, jirani atalalamika. Ni ileile akili ya fundi wa farasi: ngozi ienee na mwili, isiwe mwili njo unateseka kwa kufwata ngozi.

Kinga inakuwa ya watu wote, na bei yenye Congo ililipa

Kama kinga ingebakia ile ndefu ya vijana wasio na woga, pengine biashara ya Brooks ingebakia ndogo. Lakini mwaka wa 1885, katika muji wa Coventry wenye haiko mbali na Birmingham, John Kemp Starley alitoa kinga inayoitwa Rover, yenye magurudumu karibu sawasawa na munyororo wa kuzungusha lile la nyuma. Mwaka wa 1888, John Boyd Dunlop, muganga wa wanyama mwenye kuishi Belfast, alipata breve ya mupira wenye kujazwa hewa. Kisha hayo mambo mawili, kinga haikuogopesha tena. Wafanyakazi walikuwa wanaenda nayo kazini, mapadri walitembelea nayo wagonjwa, na wanawake pia walianza kupanda. Viwanda vya kinga vilihitaji viti kwa maelfu, na Brooks alikuwa tayari.

Kwa mutu wa Congo, ile miaka ina upande mwingine. Mipira ya hewa, ya kinga kwanza na kisha ya motokari, ilitaka utomvu mwingi, na sehemu fulani ulitoka kwenye mimea ya pori ya Congo, inchi yenye mufalme Leopold wa 2 wa Ubelgiji alikuwa anaitawala kama mali yake mwenyewe tangu 1885. Wanavijiji walilazimishwa kuingia porini kuuchuja. Wanawake walifungwa kama rehani mupaka wanaume walete kipimo chenye waliombwa. Wenye hawakufikisha walipigwa, waliuawa, na mikono ya watu ilikatwa. Ile serikali ya Leopold iliisha mwaka wa 1908, wakati inchi ya Ubelgiji ilichukua Congo, kisha aibu hiyo kujulikana katika dunia.

Brooks aliuza ngozi, hakuuza mupira. Lakini soko lake na ile biashara vilikua pamoja, kwenye chombo kimoja. Kinga yenye ilimupa mufanyakazi wa Birmingham uhuru wa kufika kazini bila farasi, ilikuwa na sehemu moja yenye ililipwa kwa damu ya watu wa Ekwateri na Kasai. Mutu mwenye anaeleza historia ya kinga akianzia kwenye kiti tu, ameeleza nusu.

B17 na miaka ya mafanikio

Kufikia mwisho wa miaka ya 1890, kampuni ya Brooks ilikuwa inatoa aina nyingi za viti. Kimoja kiliitwa B17. Ni kiti kisicho na resori, chenye upana wa katikati, kwa mutu mwenye anainama kidogo na kuenda mbali. B17 ingali inafanywa leo, na umbo lake halijabadilika sana. Ni vitu vichache vya kiwanda vyenye vinaweza kusema vile.

Kulikuwa pia viti vyenye resori kubwa nyuma, kwa wenye kuikala wima kwenye barabara mubaya, na viti vyenye pua fupi kwa ajili ya wanawake, juu siku hizo walipanda na nguo ndefu. Kampuni ilifanya vilevile mifuko ya ngozi ya kufunga kwenye kinga, na wakati pikipiki zilitokea, ilifanya viti vya pikipiki. Chombo cha safari kilibadilika mara 2 katika maisha ya mutu moja, farasi, kinga, pikipiki, na kila mara fundi wa ngozi alikuwa na kitu cha kuuza.

Mafundi wengi wa vyombo vya farasi hawakufanya hivyo. Walingojea, na wakati motokari zilijaa barabarani, farasi walipungua na kazi ikaisha.

Brooks alikufa mwaka wa 1921. Ni mwaka uleule wenye Dunlop alikufa pia. Kampuni iliendelea bila yeye. Baadaye iliingia katika kundi la Raleigh, watengenezaji wa kinga wa Nottingham, na mwaka wa 2002 ikanunuliwa na Selle Royal ya Italia. Kiwanda kilibakia Smethwick, pembeni ya Birmingham. Kwa njia ya Raleigh, viti vya ngozi vilisafiri mbali sana na mawe ya Great Charles Street: kinga za Raleigh zilisambaa sana katika Afrika ya Mashariki, na wazee wengi wangali wanakumbuka kile kiti cha ngozi nyeusi chenye kulia wakati mutu anapanda.

Kuchagua kiti cha ngozi

Leo kinga nyingi za kwenye soko zinakuja na kiti cha plastiki na sponji. Ni rahisi, lakini sponji inakufa haraka kwa mutu mwenye anaikala siku nzima, kama vile waendeshaji wa toleka huko Kisangani. Mara na mara kiti cha ngozi cha zamani kinapatikana kwenye kinga ya mzee ao kwa muuzaji wa vitu vya okazioni. Inafaa kukitazama muzuri mbele ya kutoa feza.

Kwanza, upana. Mutu anaweza kuikala juu ya karton yenye imewekwa kwenye ubao, kisha ainuke: mashimo 2 yataonekana pale mifupa ilikanyaga. Kiti kinapaswa kupita ile nafasi kwa sentimetre chache. Mwenye kuikala wima anahitaji kiti kipana zaidi, na kizuri kiwe na resori. Mwenye kuinama anahitaji chembamba.

Pili, ngozi yenyewe. Ikibonyezwa na kidole gumba, inapaswa kurudi. Mistari midogo ya ukavu si shida kubwa, lakini ngozi yenye kupasuka pembeni ya misumari haitapona. Kama imelegea mupaka inagusa vyuma vya chini, maisha yake yameisha.

Tatu, bulon ya mbele. Ikiwa imeshikwa na kutu kabisa, kiti hakitaweza kukazwa tena.

Kukitunza

Kiti cha ngozi kinaomba mambo machache, lakini kinayaomba kweli. Mafuta ni ya kidogo: mafuta magumu ya munyama ao nta ya nyuki, kupakaa nyembamba juu na chini, kuacha usiku moja, kisha kupangusa na kitambaa. Kwa kiti kipya, mara chache katika miezi ya kwanza. Kisha hapo, mara moja ao mbili kwa mwaka zinatosha. Mafuta ya motere na mafuta ya kupika hayafai, yanailainisha ngozi mupaka inaanguka.

Mvua njo adui mukubwa. Mufuko wa plastiki juu ya kiti unatosha kukilinda, na kile chuma cha kuzuia matope juu ya gurudumu la nyuma kinalinda upande wa chini. Kiti chenye kimelowa hakiikalwe: ngozi yenye maji inavutika na hairudi. Kinapaswa kukauka kwenye kivuli, pole pole, hapana kwenye moto wala kwenye jua kali.

Bulon nayo haizungushwe kila juma. Kiti kipya hakihitaji. Wakati ngozi imeshuka kweli, robo ya muzunguko inatosha, kisha mutu anapanda siku nyingi mbele ya kujaribu tena. Mwenye kukaza sana anapasua ngozi kwenye misumari.

Kitu cha mwisho ni uvumilivu. Kiti kipya cha ngozi kinauma majuma ya kwanza, na wengi wanakitupa kabla hakijawajua. Wenye kuvumilia wanaweza kukitumia miaka 20 ao zaidi. Ni muda murefu kuliko farasi mwingi anavyofanya kazi.